Jani la muhogo mbele ya kamera: kazi ya waandishi wa kodi nyuma ya programu ya Nuru

Mkulima wa mihogo hupata habari mbaya akiwa tayari amechelewa. Anangoja miezi kumi, kumi na miwili, wakati mwingine zaidi. Shina limesimama, majani ni ya kijani, na nyumbani wamechuma sombe kila juma bila shida yoyote. Siku ya kung'oa anapasua mzizi na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu kama gome la mti. Hauliwi, hauuziki, na ukiukausha na kuusaga, unga wake unatoka mchungu na wenye rangi ambayo hakuna mama atakayeipokea kwa bukari.

Ugonjwa huo unaitwa michirizi ya kahawia. Pamoja na mozaiki, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaiita batobato, ndiyo magonjwa mawili ya virusi yanayoogopwa zaidi na wakulima wa mihogo katika ukanda wetu. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, na pia na sisi wenyewe tunapokata vijiti kwenye shamba la jirani na kuvipanda kwetu bila kujua vina nini ndani.

Tangu miaka michache kuna programu ya simu inayojaribu kuutambua ugonjwa kabla ya siku ya kung'oa. Inaitwa Nuru. Unaifungua, unaelekeza kamera kwenye jani, na simu inachora kisanduku juu ya sehemu inayoiona kuwa mgonjwa na kutaja jina la ugonjwa. Haiombi intaneti wakati huo. Ni ya bure, na inazungumza Kiswahili.

Mengi yamesemwa kuhusu programu hii, na mara nyingi sifa huenda kwa profesa, kwa chuo kikuu au kwa kampuni kubwa ya Marekani. Makala hii inataka kuangalia upande mwingine: kazi ya wale wanaoandika kodi. Wao ndio huamua kama picha ya jani itakuwa jibu la kweli au jibu la kupoteza shamba.

Ugonjwa uliopanda milima

Kwanza tuelewe kilicho hatarini. Congo ni kati ya nchi zinazolima mihogo mingi zaidi duniani. Hapa mashariki mtu anakula muhogo mara mbili kwa siku bila kufikiri: bukari mchana, sombe pembeni, chikwange safarini. Muhogo ukianguka, hakuna kitu cha bei hiyo kinachoweza kuziba pengo lake.

Mozaiki inajulikana tangu mwisho wa karne ya 19. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo lililokuwa koloni la Wajerumani na ambalo leo ni Tanzania. Jani la juu linajikunja, linapata mabaka ya manjano, mmea unadumaa. Mkulima mwenye jicho anaitambua hata akiwa mbali.

Michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi. Ilielezwa mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Kwa miongo mingi watu waliamini ni ugonjwa wa pwani tu, usioweza kuenea juu ya mita 1.000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kisha mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye nchi ya juu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha ripoti ya kwanza yenye uthibitisho wa maabara kwamba virusi vyake vimefika Congo, Kivu ya Kaskazini. Utafiti mwingine wa 2021, uliochapishwa katika jarida la kimataifa la magonjwa ya mimea, ulieleza kuenea kwa mlipuko huo mashariki mwa nchi yetu.

Ujanja wake uko hapa: dalili za majani hujitokeza zaidi kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, yale ambayo mtu huyachukulia kuwa yamezeeka tu. Manjano hufuata mishipa ya jani pole pole. Jani la juu linabaki zuri. Na kuna mihogo inayoonyesha dalili kidogo sana kwa nje huku mzizi ukiharibika ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea shambani mwake kila siku na asione kitu.

99% ndani ya chumba, 31% nje

Mradi unaoitwa PlantVillage ulianzishwa na David Hughes wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na Marcel Salathé, ambaye baadaye alikwenda Uswisi kwenye chuo cha EPFL. Wazo lao lilikuwa rahisi kusema na gumu kufanya: elimu ya magonjwa ya mimea imfikie kila mtu bure. Walikusanya picha za majani na kuziweka wazi ili yeyote azitumie.

Mwaka 2016 Sharada Mohanty, aliyekuwa akiandika kodi pale EPFL, alichapisha pamoja na Hughes na Salathé utafiti ambao hadi leo hutajwa sana. Alichukua picha 54.306 za majani ya mimea 14, yenye magonjwa 26, akaifundisha kompyuta kuyatofautisha. Kwenye picha ambazo mashine haikuwa imeziona, ilipata jibu sahihi mara 99,35 kati ya 100.

Ukisikia namba kama hiyo, unadhani kazi imeisha. Lakini utafiti huo huo ulikuwa na namba nyingine, na namsifu mwandishi wa kodi anayeiweka hadharani badala ya kuificha. Walipoijaribu mashine kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ilishuka hadi zaidi kidogo ya 31%.

Kwa nini? Picha za mafunzo zilikuwa za jani moja moja, lililochumwa na kulazwa juu ya karatasi au kitambaa cha rangi moja, kwa mwanga mzuri. Shambani hakuna karatasi. Kuna jua kali upande mmja na kivuli upande mwingine, kuna udongo, kuna majani mengine nyuma, kuna kidole cha mpiga picha. Mashine ilikuwa imesoma darasani tu. Ilipotolewa nje ikapotea.

Na jambo moja zaidi linatuhusu sisi: katika mimea ile 14 kulikuwa na tufaha, zabibu, viazi, mahindi, nyanya. Muhogo haukuwemo. Hilo halishangazi. Picha nyingi za mimea zilizoko kwenye kompyuta za dunia zimepigwa mahali penye pesa za kuzipiga, na pale watu hawali bukari.

Bagamoyo, majani na mkasi

Hatua iliyofuata ilifanyika kwenye mashamba ya majaribio ya taasisi ya IITA karibu na Bagamoyo, Tanzania. Huko walipiga picha za mihogo ikiwa imesimama shambani, na baada ya kuzichambua wakabaki na 2.756. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na Amanda Ramcharan na wenzake, wakiwemo Babuali Ahmed na James Legg wa IITA, David Hughes, na mhandisi wa programu Peter McCloskey, ambaye jina lake linaonekana tena kwenye tafiti mbili zilizofuata, ya 2019 na ya 2020.

Picha 2.756 ni chache mno kwa kuifundisha mashine kuanzia sifuri. Hapa ndipo ujanja wa waandishi wa kodi ulipoingia, nao unastahili kuelezwa polepole.

Fikiria mtoto ambaye tayari anajua kuona. Anajua ukingo wa kitu, anajua doa, anajua tofauti ya rangi na ya umbo. Ukitaka kumfundisha kutofautisha mozaiki na michirizi ya kahawia, huanzi kwa kumfundisha kuona. Unamwonyesha majani machache na anashika. Kwa kompyuta ni vivyo hivyo. Google ilikuwa imetengeneza modeli inayoitwa Inception v3, iliyofundishwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kila aina: mbwa, magari, vikombe, ndege. Modeli hiyo tayari "inajua kuona". Watengenezaji wa programu ya mihogo waliichukua, wakaacha sehemu yake ya chini kama ilivyo, wakafundisha upya sehemu ya juu tu, ile inayotoa jina.

Kazi ya pili ilikuwa ya mikono zaidi. Jani la muhogo lina vidole vitano, saba, hata zaidi. Walikata picha ili kupata kila kidole peke yake, na hivyo picha zile 2.756 zikazaa nyingine takriban 15.000. Msomaji anayefikiri kwamba akili bandia ni uchawi wa kompyuta afikirie mtu aliyekaa mbele ya skrini akikata vidole vya majani, kimoja baada ya kingine, kwa maelfu.

Matokeo: 98% kwa michirizi ya kahawia, 96% kwa mozaiki, 98% kwa madoa ya kahawia ya jani, 96% na 95% kwa madhara ya utitiri mwekundu na wa kijani. Kwa jumla, modeli bora ilipata 93% kwenye picha ambazo haikufundishwa nazo. Kuna sehemu ya kodi yote hii ambayo mkulima hataiona kamwe: maktaba ya TensorFlow, ambayo Google iliitoa wazi mwaka 2015 na ambayo mwanafunzi yeyote wa Bukavu au Butembo anaweza kuichukua leo bila kulipa.

Kuingiza mashine kubwa katika simu ndogo

Modeli inayokaa kwenye kompyuta kubwa ya chuo haimsaidii mtu wa Fizi au wa Masisi. Lilikuwapo swali la kwanza kabisa: je, simu itume picha kwa kompyuta iliyo mbali na kungoja jibu, au simu yenyewe ifikiri?

Njia ya kwanza ni rahisi kwa mtengenezaji. Kompyuta kubwa inafanya kazi yote, simu ni mjumbe tu. Lakini inahitaji mtandao, na mtandao unahitaji mega, na mega zinahitaji pesa. Mtu anayepanda kilima ili apate reso hawezi kupanda kila akiona jani lenye manjano. Kwa hiyo Nuru iliandikwa kufanya kazi ndani ya simu, bila intaneti.

Uamuzi huo una bei yake. Modeli kubwa haikai kwenye simu ya bei ndogo. Inajaza nafasi, inapasha simu moto, inakula betri ambayo mtu ameichaji kwa pesa sokoni. Ikabidi kutumia modeli nyepesi, inayoitwa MobileNet, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya simu. Wakabadilisha pia namna ya kuuliza swali. Modeli ya zamani iliangalia picha nzima na kutoa jina moja. Hii mpya inatafuta ndani ya picha mahali penye dalili na kupachora kisanduku, hata kamera ikiwa inatembea. Kwa mkulima, tofauti ni kubwa: anaona simu inaonyesha kidole gani cha jani na kwa nini. Anaweza kukubali, anaweza kubisha.

Hiyo ni kazi ya mhandisi wa programu inayonivutia zaidi kuliko asilimia zote. Kila uzito unaopunguzwa, kuna usahihi kidogo unaopotea, na kuna mtu mmoja zaidi mwenye simu ya bei rahisi anayeweza kuitumia. Ni mhandisi anayechagua mizani isimame wapi, na mara nyingi anachagua akiwa mbali sana na shamba.

Majani 720

Timu ya Nuru ilikuwa na adabu ya kurudi shambani. Mwaka 2019 walichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko lile la 98%. Ramcharan, McCloskey, Hughes, Legg na wenzao wa Tanzania, Neema Mbilinyi, Latifa Mrisho na Mathias Ndalahwa, walichukua simu yenye programu na kuijaribu kwenye vidole 720 vya majani yenye ugonjwa, kwenye shamba Tanzania. Waligawanya dalili katika makundi mawili: kali na hafifu.

Namba zilishuka. Walitumia kipimo kinachounganisha maswali mawili: simu inapotaja ugonjwa, je, inasema kweli? Na kati ya majani yote yaliyo wagonjwa, imekamata mangapi? Kwenye picha za majani yenye dalili za wazi kabisa, kipimo hicho kilishuka kwa 32% ikilinganishwa na maabara. Na sababu ilikuwa swali la pili: simu ilikuwa inapita majani wagonjwa bila kuyaona.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu makosa mawili ya mashine hayana uzito sawa. Simu ikisema jani zima ni mgonjwa, mkulima anaweza kung'oa mmea mzuri. Ni hasara, lakini ni mmea mmoja. Simu ikisema jani gonjwa ni zima, mkulima anatulia. Anakata vijiti vya mmea huo, anavipanda, anampa dada yake wa kijiji cha pili, naye anampa shemeji. Msimu ukiisha, ugonjwa umesafiri kilomita nyingi ukiwa na baraka ya simu. Watafiti wenyewe waliandika kwamba programu kama hizi zinapaswa kurekebishwa ili zikamate wagonjwa wengi zaidi, hata kama zitakosea kidogo upande mwingine.

Utafiti wa 2020, ulioongozwa na Latifa Mrisho, ulilinganisha Nuru na binadamu. Kwa jani moja, Nuru ilipata jibu sahihi 65%. Maafisa wa kilimo walipata kati ya 40% na 58%. Wakulima, kati ya 18% na 31%.

Namba ya wakulima isitumike kuwadharau. Mkulima anajua udongo wake, anajua muhogo upi unakomaa mapema na upi ni mtamu kwa kutafuna mbichi. Lakini jani la manjano lina sababu nyingi: njaa ya udongo, jua, uzee, utitiri, virusi. Hakuna aliyemfundisha kutofautisha, na kwenye mitaa mingi hapa kwetu agronomu mmoja anahudumia vijiji ambavyo hawezi kuvifikia vyote hata kwa pikipiki.

Na 65% bado ni kidogo. Daktari anayekosea mara moja kati ya tatu ungemkimbia. Suluhisho walilopata linafurahisha kwa urahisi wake. Hawakununua kompyuta kubwa zaidi. Waliona kwamba simu ikiangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi unapanda hadi kati ya 74% na 88%. Yaani namna ya kuuliza ilileta faida ambayo kodi peke yake haikuleta: mkulima azunguke mmea, aonyeshe majani kadhaa, kisha jibu litolewe kwa mmea mzima. Bibi anayenunua nyanya sokoni anafanya hivyo hivyo. Hawezi kuhukumu ndoo kwa nyanya moja ya juu.

Picha za nani?

Mashine inajua kile ilichoonyeshwa. Nuru ilijifunza muhogo kwa majani ya Tanzania. Mihogo inayopandwa kwenye bonde la Ruzizi au kwenye vilima vya Walungu si lazima iwe ya aina ile ile. Majani hutofautiana upana, rangi ya kikonyo, hata namna yanavyoonyesha ugonjwa.

Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo mapema. Pale Kampala, maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere ilishirikiana na watafiti wa mimea wa taasisi ya taifa ya NaCRRI. Picha zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani, wataalamu wakaziandikia majina ya magonjwa. Mwaka 2020 waliweka picha 21.367 wazi kwenye shindano la kimataifa la waandishi wa kodi. Vijana wa nchi mbalimbali, wengi ambao hawajawahi kushika muhogo, walishindana kutengeneza modeli bora ya kutambua magonjwa ya majani ya Uganda.

Hapa kwetu vifaa vya kuanzia vipo. Kuna kituo cha IITA cha Kalambo karibu na Bukavu. Kuna INERA Mulungu. Kuna vitivo vya kilimo kwenye vyuo vikuu vya Bukavu, Goma na Butembo, na kuna wanafunzi wa kompyuta wanaomaliza kila mwaka na kazi ya kuhitimu ambayo mara nyingi ni programu ya kusimamia duka la dawa au orodha ya wanafunzi. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta na mmoja wa kilimo, wakiwa na simu mbili na msimu mmoja, wanaweza kukusanya picha za majani ya mihogo ya Kivu ambazo mwandishi yeyote wa kodi duniani angezipokea kwa mikono miwili. Sehemu ngumu ni ile isiyohitaji kompyuta: mtaalamu akae na kuandika kwa kila picha, hii ni mozaiki, hii ni michirizi, hii ni jani zima.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kiswahili cha programu ni kile cha Dar es Salaam. Mtu wa Uvira atakielewa, lakini anayeambiwa "batobato" huenda asijue kwamba ni mozaiki yake ile ile. Kubadilisha maneno hayo ni kazi ndogo kwa mwandishi wa kodi, ikiwa kuna mtu wa huku wa kumwambia.

Na kuna swali ambalo haliulizwi Marekani. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa na saa. Kwa mtafiti, hiyo ni dhahabu. Anaona ugonjwa unatembea wapi kwenye ramani. Kwa mtu wa eneo lenye vita, ni habari ambayo angependa kujua nani anaiona. Simu inapoomba ruhusa ya mahali, msomaji asibonyeze ndiyo bila kusoma.

Kwa anayetaka kuijaribu

Nuru inapatikana ndani ya programu ya PlantVillage kwa simu za Android. Ipakue ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha nenda nayo shambani. Kuanzia 2018, kwa ushirikiano na FAO, ilifundishwa pia kutambua madhara ya kiwavi jeshi kwenye mahindi, kwa hiyo hata mwenye mahindi ana sababu ya kuiangalia.

Kwa mihogo, onyesha majani sita ya mmea mmoja. Kwa mozaiki angalia majani machanga ya juu. Kwa michirizi ya kahawia usisahau yale ya chini. Epuka kivuli kilichokatika katika juu ya jani. Subiri wingu au simama upande wa jua ili mwili wako ufunike jani lote. Simu ikisema ni zima lakini wewe una mashaka, amini mashaka yako kwanza: ng'oa mmea mmoja wa katikati ya shamba, pasua mzizi na uangalie.

Ikithibitika ni ugonjwa, hakuna dawa ya kupulizia. Virusi haviponi. Kinachofanyika ni kung'oa mimea iliyougua mapema, kutokata vijiti kutoka shamba hilo, na kutafuta vijiti safi vya aina zinazovumilia. Hapo ndipo programu inapofikia mwisho wake, kwa sababu vijiti safi havipakuliwi. Vinahitaji shamba la mbegu, barabara inayopitika na bei ambayo mkulima anaweza kulipa. Kwa familia iliyohama mara mbili mwaka huu na kurudi na fungu la vijiti kichwani, vijiti hivyo ndivyo vilivyopo, viwe safi au la.

Mwezi wa tisa, mvua zikianza, watu watakata vijiti tena. Huo ndio wakati ambapo dakika tano za kuzunguka mmea na simu mkononi zina faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kabla panga halijagusa shina.